Zamu ya Alhamisi

Lazhar aliombwa kitu kidogo tu: aandike maelezo ya programu yake, sehemu moja baada ya nyingine, kila sehemu inafanya nini na kwa nini ipo. Alipewa wiki mbili. Siku ya tatu alishachukia hata kuzaliwa.

Programu yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa tovuti ya kupanga zamu kwenye kinu cha kukamulia zeituni, kilomita ya kumi na moja nje ya mji wa Sfax. Kabla haijakuwapo, malori yalipanga foleni siku mbili kando ya barabara, watu wakilala juu ya magunia yao na kupigana makonde alfajiri kwa sababu fulani kaingia mbele ya fulani. Baada ya kuwapo, mkulima alichukua zamu kwa simu akiwa kwake, akaja saa yake, akakamua, akaondoka. Sasa ushirika wenye vinu vitano ulitaka kuichukua na kuitumia kote. Sharti lilikuwa moja: iandikwe, yote, ieleweke na mtu ambaye hakuitengeneza. Isipoandikwa, wangeitupa na kununua nyingine kutoka mji mkuu. Na Lazhar, mtu wa miaka hamsini na mmoja aliyeacha shule akiwa na kumi na minne, hakuwa amewahi kujenga kitu kingine chochote duniani cha kuachwa nyuma yake. Hata kile alikuwa amekijenga nusu. Nusu nyingine ilikuwa ya Mwalimu Mongi, na Mongi alikuwa kaburini.

Aliyetumwa na ushirika kupokea kazi alikuwa mhandisi mmoja, Olfa, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mpole wa sauti lakini mgumu kama kokwa. Aliketi katika duka la Lazhar, kati ya televisheni mbovu na mashine za risiti, akasoma yaliyokwisha kuandikwa.

"Ami Lazhar, umeandika hapa: 'Kalenda. Inaonyesha kalenda.'"

"Ndiyo."

"Basi?"

"Sasa ulitaka ionyeshe nini, mpira?"

"Nataka kujua kwa nini Ijumaa zamu zinaruka saa mbili nzima."

"Watu wanaswali, binti. Kwani huko kwenu hamswali?"

"Tunaswali, ami. Kompyuta ndiyo haiswali. Andika." Akafunua ukurasa mwingine. "Andika kana kwamba umekufa. Anayesoma hakujui, hana namba yako, hawezi kuja dukani kukuuliza. Wewe umekufa, imebaki karatasi."

Lazhar aliitazama sigara yake. "Maneno mazuri ya kumwambia mtu asubuhi."

Wakaendelea hivyo. Sehemu ya kuandikisha wakulima. Sehemu ya mizigo, ambayo haikubali mzigo chini ya kilo mia mbili na hamsini, kwa sababu mashine haiwashwi kwa kikapu. Sehemu ya kutuma ujumbe: siku moja kabla, mkulima anapata ujumbe kwenye simu, zamu yako ni kesho saa fulani, ukishindwa bonyeza mbili tumpe mwingine. Hiyo Lazhar aliieleza kwa fahari. Alikuwa ameiandika mwenyewe, peke yake, mwaka mzima.

Kisha Olfa akageuza kompyuta yake kumwelekea.

"Na hii ni nini? Tazama kumbukumbu za zamani. Kila Alhamisi baada ya alasiri, misimu mitatu mfululizo, zamu imechukuliwa na mtu anaitwa Ummi. Hana simu, hana jina la pili, uzito haukuandikwa. Halafu misimu miwili iliyopita anakatika, hatokei tena."

"Hitilafu. Niliiondoa."

"Hitilafu haiji Alhamisi tu, ami. Na tazama hapa. Sehemu ya kugawa zamu bado inaita sehemu nyingine kwa jina, 'Alhamisi'. Inaita kila wiki. Hakuna faili lenye jina hilo. Inaita, haijibiwi, inapita."

Lazhar akaizima sigara yake.

"Kulikuwa na kitu," Olfa akasema.

"Kulikuwa na kitu. Nilikifuta."

"Kilifanya nini?"

"Kilikalia zamu bure."

"Kwa nini?"

"Sijui."

Olfa alimtazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa anayekataa kutaja alichokula. "Ulifuta kitu usichokijua."

"Ilikuwa programu yangu."

"Ndiyo, ami. Lakini andika. Hiyo ndiyo sehemu ya kumi na mbili. Siwezi kusaini ikiwa na shimo."

Alipoondoka, Lazhar alizima redio. Kile alichomficha binti wa watu ni hiki.

Mongi alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, na ndiye aliyemfundisha Lazhar kuandika programu, hapo hapo dukani, nyuma ya pazia, kikombe cha chai kati yao. Mongi aliandika kama alivyofundisha. Kila mistari mitano ya msimbo aliiwekea mistari kumi ya maelezo, kwa lugha ya mtaani, mle mle ndani ya faili. "Hapa tunamngoja mkulima dakika kumi, maana trekta la Haji limezeeka." "Hapa usibadilishe namba bila kumwuliza msimamizi." Yalikuwa maelezo ya mtu anayependa watu. Lakini Lazhar kila alipoyaona alihisi amerudishwa darasa la pili, yuko ubaoni, na darasa zima linacheka. Alijua Mongi hakuwa na nia hiyo. Kujua hakukumsaidia.

Basi kiangazi kimoja, wakati Mongi yuko kwa binti yake, mjini Gafsa, Lazhar aliketi akayafuta yote. Faili kwa faili. Alisema anasafisha. Hawakuwa na njia ya maana ya kutunza matoleo ya zamani. Walikuwa wakinakili folda tu na kuzipa majina, "mpya", "mpya ya mwisho", "mpya ya mwisho kabisa", na siku ile alibandika faili zilizosafishwa juu ya folda zote, ili ziwe sawa. Alijiona kafanya kazi nzuri. Programu ilikuwa imekonda, imependeza.

Mongi aliporudi alifungua kompyuta, akashuka na ukurasa taratibu mpaka chini. Hakupandisha sauti. Aliuliza swali moja tu.

"Uliyasoma kabla ya kuyafuta?"

Na Lazhar, kwa sababu ya lile darasa la pili, akasema, "Nimeyasoma yote. Kwani mimi mtoto?"

"Basi sawa," Mongi akasema. "Muradi unajua."

Oktoba ile Mongi alianguka sokoni, akiwa na mkate kwapani, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Novemba msimu ukafunguliwa. Ulikuwa mwaka wa neema, matawi yamelemewa, na wakulima walimpigia Lazhar simu kutwa: zamu zimejaa, tufanyie mpango. Akatafuta nafasi. Akaona pale Alhamisi kuna zamu imekaliwa na mtu asiyekuwapo. Akasema, huyu naye mwalimu kaacha uchafu wake. Akaifuta sehemu nzima, akampa zamu mkulima wa kwanza aliyepiga simu, akashukuriwa. Alilala vizuri usiku ule.

Sasa alitafuta. Alifungua folda zote, hata zile "kabisa kabisa". Alimpigia simu binti wa Mongi kule Gafsa kuulizia kompyuta ya marehemu. Binti akasema kwa adabu kwamba mwanawe anaitumia shuleni. Waliisafisha yote, ami, ilikuwa nzito. Lazhar akamwombea mtoto heri akakata. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya alikuwa ameyamwaga kwa mkono wake na kupiga deki juu yake.

Kesho yake akaenda kinuni. Msimamizi wake, Hamadi, mtu mnene mwenye sauti ya kupigana na mashine, alikuwa anakula mkate na mafuta mapya juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Fundi! Umekuja kuitazama programu yako inavyotukalisha?"

"Hamadi, ile zamu ya Alhamisi, zamani, baada ya alasiri. Alikuwa anakuja nani?"

Hamadi akaacha kutafuna. "Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe."

"Wewe uliyeiondoa unaniuliza mimi alikuwa anakuja nani?" Akafuta mikono kwenye suruali. "Nenda kwa Mabruka, kilomita ya kumi na nne, nyuma ya kisima. Mwulize mwenyewe. Mimi wakati ule nilisoma kilichoandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Nyinyi ndio mlisema, asiyekuwa kwenye kioo asiingie."

Mabruka alikuwa mama wa miaka sabini na ushei, mfupi, kitambaa chekundu kichwani, ameketi kizingitini anamenya lozi. Lazhar alimjua kwa sura, kama kila mtu wa upande ule. Alikuwa mwokota masalio. Wenye mashamba wakishavuna na kukunja nyavu zao za kukingia zeituni, wanawake kama yeye huingia nyuma yao na kuokota zeituni zilizosalia chini na zilizofichama kwenye matawi ya juu. Hakuna anayewazuia; ni haki yao tangu mababu. Mwokotaji mmoja hupata gunia moja, mawili akiwa na bahati.

"Assalamu alaikum, halati," akamwamkia, kama mtu anavyomwamkia mama mdogo wake.

"Wa alaikum salaam. Mtengeneza televisheni. Yangu nzima, hujaitwa."

"Sikuja kwa televisheni. Nimekuja kwa ile zamu ya Alhamisi."

"Ile mliyotunyang'anya?"

Alisema bila hasira, kama mtu anayesahihisha jina la mtaa. Kisha akamsogezea kigoda, maana mgeni ni mgeni.

"Niambie ilikuwaje, halati. Tangu mwanzo."

"Mwanzo unaujua. Mlipoleta simu zenu, mashine ikasema haipokei chini ya kilo mia mbili na hamsini. Zamani tulikuwa tunasimama mlangoni na vigunia vyetu, na msimamizi akipata upenyo anatupenyeza. Simu haina upenyo. Mwalimu Mongi akaja hapa, akaketi hapo ulipoketi. Akasema, kusanyeni magunia yenu wote, mje Alhamisi baada ya alasiri, mtahesabiwa mzigo mmoja. Mama yake alikuwa mwokotaji, unajua? Tuliokota pamoja, mimi na yeye, kabla hajamzaa. Akasema zamu nimeiandika kwa jina la mama."

Lazhar alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nikamwambia, mwanangu, wewe ukiondoka je? Akacheka. Akasema, iko kwenye programu, na nimeeleza kila kitu. Na Lazhar anajua. Kiangazi kile cha mwisho nilimwuliza tena, nilisikia anaumwa moyo. Akanijibu vile vile. Lazhar amesoma yote, amenithibitishia. Usiwe na wasiwasi."

Lozi moja ilipasuka. Kuku akaja kutazama, akafukuzwa.

"Ikaja Alhamisi ya kwanza ya msimu, baada ya mazishi. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja, magunia kumi na manne, punda wawili. Hamadi akasema kioo kinasema zamu ya mtu mwingine. Tukasema labda kesho. Ijumaa, Jumamosi. Unajua zeituni ikikaa kwenye gunia, mwanangu. Jumapili nilitia mkono ndani, ulitoka na joto kama umetoka kwenye mkate wa tanuri. Tulipopata kukamua, mafuta yalikuwa yanawasha koo. Tukapikia sabuni. Mwaka wa pili tukawauzia mbichi wachuuzi wa barabarani, kwa bei wanayotaka wao. Mwaka huu sikutoka."

"Kwa nini hukuja dukani kwangu? Ungekuja unitukane. Ungevunja kioo cha duka!"

"Nije nidai hisani? Hisani haidaiwi." Akamtazama kwa mara ya kwanza sawasawa. "Na niliambiwa unajua. Nikasema, basi huyu anajua na ameamua. Mtu akiamua akiwa anajua, utamwambia nini?"

Hapo ndipo Lazhar alipaswa kusema, na akasema, ingawa ulimi ulikuwa mzito kama kiatu chenye tope.

"Sikujua, halati. Sikuyasoma. Nilimdanganya."

Mabruka alimenya lozi tatu kabla ya kujibu.

"Afadhali ungekuwa mbaya," alisema. "Ubaya ningeuelewa."

Alimpa chai hata hivyo. Lazhar aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, iwapo atarudi kuokota zamu ikirudishwa. Mabruka akaonyesha ndani kwa kidevu. Ukutani, kwenye msumari, zilikuwa zimening'inizwa pembe za mbuzi ambazo waokotaji huvaa vidoleni kuchania matawi. Zilikuwa nne tu. Nyingine, alisema, wajukuu walizipoteza wakizichezea.

Lazhar alirudi dukani akaandika. Sehemu ya kwanza hadi ya kumi na moja alikuwa amezimaliza kwa mistari miwili mitatu kila moja. Sasa alizirudia zote. Aliandika kuhusu Ijumaa na trekta la Haji, akaeleza kwa nini namba fulani isiguswe bila kumwuliza msimamizi, kila alichoweza kukumbuka, na alipokumbuka aligundua kwamba kumbe alikuwa ameyasoma baadhi, kwa jicho la pembeni, akiwa amenuna. Kisha akafika ya kumi na mbili. Aliiunda upya sehemu yenyewe kwanza. Ilikuwa mistari arobaini, kazi ya asubuhi moja. Maelezo yake yakamchukua siku nne.

Olfa alikuja, akasoma amesimama, kisha akavuta kiti.

"Sehemu ya kumi na mbili: Alhamisi," maelezo yalianza. "Kila Alhamisi baada ya alasiri inashika zamu moja ya waokota masalio. Inapokea magunia ya watu wengi kama mzigo mmoja, hata uzito usipofika. Jina Ummi si hitilafu. Ni mama yake Mongi, aliyeitengeneza sehemu hii. Zamu hii itaonekana kwako kama imekaliwa bure. Na mimi niliiona hivyo. Niliifuta msimu uliofuata kifo chake, kwa sababu sikusoma maelezo yake, na maelezo yake niliyafuta mimi pia. Nilimwambia nimeyasoma. Magunia kumi na manne yaliharibika mwaka huo, na sijui ni mangapi yaliuzwa kwa hasara mwaka uliofuata. Ukitaka kuiondoa, nenda kwanza kilomita ya kumi na nne, nyuma ya kisima, ukaulize. Lazhar."

"Ami," Olfa akasema, "hii itasomwa na baraza la ushirika."

"Najua."

"Hakuna mtu anayeandika hivi kwenye maelezo ya mfumo."

"Uliniambia niandike kama nimekufa. Maiti ana haya ya nini?"

Olfa alikunja karatasi polepole. "Liko tatizo moja. Kanuni za ushirika, zamu haishikwi bila namba ya simu."

"Tia yangu."

"Itakuwa inakutumia ujumbe kila wiki, msimu mzima."

"Tia yangu, binti."

Akaitia. Wiki iliyofuata baraza likapokea programu, na Olfa akasaini. Kuhusu ukurasa wa kumi na mbili hakuna aliyesema lolote. Labda hawakuusoma. Lazhar alilifikiria hilo akiwa njiani kurudi, akacheka peke yake, kicheko kisicho na furaha.

Jumatano simu yake ikalia. "Ummi, zamu yako ni kesho baada ya alasiri. Ukishindwa, bonyeza mbili tumpe mwingine." Maneno aliyatunga mwenyewe, zamani, kwa fahari. Aliyasoma akiwa na bisibisi mkononi, akaiweka simu kifudifudi.

Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kilomita ya kumi na nne kuwaambia wanawake zamu imerudi. Walimkaribisha, wakamsikiliza, wakamwuliza bei ya kutengeneza friji. Wawili walikuwa wamehamia mjini kwa watoto wao. Mmoja alikuwa amefariki. Mwingine alimwambia, "Inshallah," kwa namna ambayo watu humwambia mtoto anayeomba baiskeli.

Alhamisi ya kwanza hakuja mtu. Ya pili hakuja mtu. Alhamisi ya tatu, alasiri ilipokwisha kuswaliwa, Lazhar alikuwa amesimama kwenye lango la kinu, mikono mfukoni. Mashine ilikuwa inazunguka tupu. Nje malori matatu yalikuwa yanangoja, na dereva wa mbele alikuwa amelalia honi.

Hamadi alitoka akipangusa jasho.

"Fundi, robo saa sasa. Nimwingize huyu, au?"

"Ngoja."

"Nangoja nani?"

Lazhar alitazama nje. Barabara ya kutoka kilomita ya kumi na nne ilikuwa nyeupe na tupu, na upande mmoja, kwa mbali, palikuwa na vumbi kidogo. Lingeweza kuwa punda. Lingeweza pia kuwa upepo tu, kama Alhamisi iliyopita.

"Ngoja mpaka zamu iishe," akasema. "Imeandikwa."